Jina Ubaoni Bomani

Jirani yake Jeannine, aliyeitwa Sikujua, alirudi kutoka mjini Mpanda na habari ambayo yeye aliiona njema, akaitoa kabla hata hajatua ndoo ya dagaa kichwani.

"Mama Reve, mwanao sasa anajulikana. Nimepita bomani kufuatilia kitambulisho changu, nikamkuta ubaoni. Révérien Gervas, mzaliwa wa Katumba. Jina lote limebandikwa pale nje, kila mpita njia analisoma."

Jeannine alikuwa ameketi mbele ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, akifunga majani mabichi kwenye vijiti. Mikono yake ilisimama. Alitaka kuuliza nani kalibandika na kwa sababu gani, lakini akaishia kusema, "Limeandikwa peke yake?"

"Na la mchumba wake. Ni tangazo la ndoa, mama. Usinitolee macho hivyo."

Sikujua akacheka, akashika njia ya kwake. Jeannine akabaki ameshika kijiti kimoja mpaka utomvu wa tumbaku ukamgandia vidoleni.

Habari ya ndoa alikuwa nayo. Révérien, kitinda mimba wake, alikuwa muuguzi Ubelgiji, na huko huko ndiko alikokutana na Mariana, binti wa Mzee Lyamba wa Kasokola, ingawa kati ya Katumba na Kasokola mtu huenda kwa pikipiki na kurudi kabla ugali haujapoa. Walitaka kufunga ndoa nyumbani, kwa Padri Selestine, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mariana alishatangulia kuja kuandaa mambo. Na Révérien alishamweleza mama yake kwa simu kwamba kutakuwa na bomani kwanza.

"Huku tunakoishi, mama, padri haruhusiwi kufungisha ndoa ambayo serikali haijaiandika. Parokia yetu haitamtumia Padri Selestine barua ya ruhusa mpaka ione cheti cha serikali. Kwa hiyo tumeamua hiyo ya serikali tuifungie Mpanda, ili nyie wazazi muwepo."

Jeannine alikuwa amejibu sawa. Neno bomani lilimkaa vibaya, lakini alijiambia kwamba ni shughuli ya siku moja, wataingia na watatoka. Hakuna aliyemwambia habari ya jina kukaa ukutani wiki tatu.

Mara ya mwisho jina la mtu wake kubandikwa ukutani, alikuwa mtoto, Burundi, mwaka wa mauaji, sabini na mbili. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Asubuhi moja mwalimu mwenzake alipita akasema majina yao yako kwenye ukuta wa komuni, ofisi ya serikali ya pale, wanatakiwa wafike waweke saini. Baba akaoga, akala viazi viwili, akapanda baiskeli. Jioni baiskeli ile ilionekana barabarani ikiendeshwa na mtu mwingine. Mama yake hakungoja kuuliza. Alikusanya watoto, wakatembea kwa kujificha hadi wakavuka mpaka wakaingia Kigoma, na mwaka uliofuata wakaletwa Katumba, wakati huo ikiwa msitu mtupu wa mbung'o na simba. Hapo Jeannine alikulia, akaolewa na Gervas, akazaa, akapata uraia wa Tanzania, akamzika Gervas. Mambo yote ya ofisi yalikuwa ya Gervas. Mara chache alipolazimika kwenda mwenyewe, alimshika mume wake mkono tangu mlangoni hadi walipotoka. Watoto wake aliwaambia tu kwamba babu yao alikufa zamani kwa homa.

Kesho yake asubuhi alipanda bodaboda mpaka mjini, akaenda kwanza parokiani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele na milele, amina. Karibu, Mama Reve. Umekuja kwa harusi yetu?"

"Baba, hii ya serikali haiwezi kuachwa? Hapa mbona watu wanafunga ndoa kanisani, na cheti cha serikali kinatoka hapa hapa?"

Padri Selestine akasogeza kiti. "Wanaoishi hapa, ndiyo, inawatosha. Hawa wanaishi Ubelgiji. Kule sheria inataka serikali itangulie, kanisa lifuate, na maaskofu wa kule wanaiheshimu. Nikiwafungisha bila barua ya parokia yao nitakuwa nimewaingiza matatizoni. Hebu fikiria mmoja anaugua kule, mwenzake anafika hospitali anaambiwa wewe si ndugu yake."

"Na majina ukutani?"

"Ni kama matangazo ninayoyasoma mimi Jumapili. Mwenye pingamizi ajitokeze."

Jeannine akaitikia kwa kichwa. Matangazo ya kanisani alishayasikia na moyo haukumwenda mbio. Watu husikia jina Jumapili, wakifika nje kwenye maandazi wamelisahau. Jina la ukutani halikuwa hivyo. Lilikuwa linakaa pale usiku na mchana, likimngoja yeyote mwenye nia ya kulisoma. Alitaka kumwambia padri hivyo, na akiisha kumwambia hivyo amwambie na yale mengine. Badala yake aliaga.

Bomani palikuwa na watu wengi, kila mmoja na lake. Ubao ulikuwa barazani, hauna kioo, karatasi zimeshikwa kwa pini. Alizipitia moja moja kwa kidole. Jina la mwanawe alilikuta katikati, limepigwa muhuri wa bluu. Révérien Gervas, Katumba. Chini yake, Mariana Lyamba, Kasokola. Alisimama pale mpaka mgongo ukalowa jasho. Mwanamume mmoja alikuja akasimama nyuma yake, akasoma kitu, akaandika kwenye simu, akaondoka. Huenda alikuwa anasoma tangazo la zabuni. Jeannine hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomshinda. Alichomoa pini, akaikunja ile karatasi, akaitia ndani ya kitenge alichojifunga, akatembea hadi barabarani bila kukimbia. Hakuna aliyemwita.

Nyumbani aliitia motoni, chini ya sufuria ya maharage. Siku kadhaa zilizofuata alikula vizuri.

Kisha Mariana alifika Katumba na bodaboda, macho yamevimba.

"Mama, tangazo letu halipo. Nimekwenda bomani leo kuthibitisha tarehe, mahali pake patupu. Wanasema mtu ameling'oa. Halikumaliza wiki tatu, kwa hiyo inabidi libandikwe upya, na tukianza upya tunaangukia katikati ya Kwaresima. Parokia haifungishi ndoa Kwaresima. Na Reve likizo yake itakuwa imeisha."

Jeannine aliweka kikombe cha chai chini kwa uangalifu mkubwa. "Nani anasema limeng'olewa? Labda ni upepo."

"Pini haiwezi kutolewa na upepo, mama." Mariana akajifuta pua. "Namjua. Ni shangazi yangu. Tangu mwanzo anasema siwezi kuolewa na mtoto wa wakimbizi. Nimempigia simu nikamwambia yote yaliyokuwa moyoni. Amekana, amelia, nikamkatia."

Hapo ndipo Jeannine alipopaswa kusema. Alifungua mdomo, akasikia sauti yake ikisema, "Ngoja Reve aje." Msichana akaondoka, naye akakaa akitazama vumbi la pikipiki likitua juu ya mahindi.

Révérien alifika baada ya siku mbili, mwembamba kuliko kwenye picha, na hata kabla hajapumzika Mzee Lyamba akawaita wote Kasokola. Alikuwa mkulima mwenye ng'ombe kadhaa na maneno machache. Aliwakaribisha, soda zikaletwa, shikamoo na marahaba zikapita, kisha akamgeukia Révérien.

"Karatasi haina miguu, kijana. Aliyeiondoa ana sababu yake. Nimemwita dada yangu akaapa mbele yangu kwamba hakukanyaga mjini mwezi huu mzima. Sasa nakuuliza wewe, mbele ya mama yako. Kuna mwanamke mwingine? Kama yupo huko Ulaya au yupo hapa, nitajie leo."

"Hakuna, mzee."

"Basi nani mwenye haja ya kuizuia hii ndoa?"

"Sijui, mzee. Nami najiuliza."

Jeannine hakuwa anamtazama Lyamba. Alikuwa anamtazama Mariana, ambaye alikuwa ameinua uso na kumkazia macho mchumba wake. Hayakuwa macho ya hasira. Alikuwa anampima. Kwa mara ya kwanza msichana yule alikuwa anajiuliza kama anamjua mtu huyu. Jeannine akaona kwamba akinyamaza dakika moja zaidi, jambo lile litaingia katika ndoa yao na halitatoka tena.

"Ni mimi," akasema.

Lyamba akadhani hakusikia vizuri. "Wewe nini, mzazi mwenzangu?"

"Karatasi. Niliitoa mimi nikaichoma."

Alieleza vibaya. Alianzia kwenye baiskeli, akarudi kwenye ukuta, akachanganya Kiswahili na Kirundi, akaruka mpaka Kigoma, na alipofika kwenye ubao wa bomani pumzi zilikuwa zimemwishia. Hakuna aliyemkatiza. Nje ng'ombe mmoja alikuwa analia, anataka maji.

Révérien ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini. "Uliniambia babu alikufa kwa homa."

"Nilisema hivyo."

"Nimewaandikia watu hivyo, mama. Kwenye maombi yangu ya chuo kule niliandika habari za familia yetu, nikaandika homa." Akasimama, akatoka uani. Walimwona dirishani ameegemea ua wa ng'ombe, amewapa mgongo.

Mariana naye alisimama. Jeannine alidhani atamjia, pengine kumshika mkono, lakini msichana alichukua simu mezani. "Shangazi yangu nimemwita mchawi, mama," akasema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wakabaki wazee wawili na chupa za soda. Lyamba aliigeuza yake mezani kwa muda mrefu.

"Dada yangu atasamehe," akasema mwishowe. "Ana mdomo, lakini anasamehe. Wewe sijui tukufanyeje."

Révérien aliporudi ndani hakuketi. "Kesho tunakwenda bomani. Utawaambia wenyewe."

"Watanikamata."

"Sijui, mama. Lakini sitakwenda kudanganya mahali ninapotaka kuoa."

Njia nzima ya asubuhi iliyofuata Jeannine alikuwa anahesabu nani atavuna tumbaku yake akifungwa. Alikuwa amejiwekea kitenge cha pili na mswaki kwenye mkoba, bila kumwambia mtu. Walimkuta ofisa wa ndoa, msichana mwenye ushungi na miwani aliyeitwa Bushra, akipanga mafaili. Alisimama kumwamkia Jeannine, akampa kiti, na Jeannine akasimulia tena, safari hii kwa mpangilio, huku macho yakiwa sakafuni.

Bushra alisikiliza mpaka mwisho. "Mama, unajua kuondoa tangazo la serikali ni kosa?"

"Sasa najua."

"Uliliondoa lini?"

Akamtajia siku. Bushra akaangalia faili, akapiga hesabu kwa kalamu. "Lilikuwa limebakiza kidogo tu. Nisubirini nimwone mkuu wangu." Akamgeukia Révérien. "Kaka, njoo na pasi yako ya kusafiria."

Wakaingia chumba cha ndani. Mlango ukafungwa.

Mariana alikuwa akisema kitu kuhusu gari la kuwapeleka wageni, lakini Jeannine alisikia sauti tu bila maneno. Aliutazama ule mlango. Ulikuwa na kitasa cha shaba kilichochakaa, na nyuma yake hakukuwa na sauti hata ya kiti. Alijiambia hii ni Mpanda, huyu dada amemwamkia shikamoo, mwanawe ni mtu mzima. Mwili haukukubali. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameinuka, amevuka chumba na kuusukuma mlango bila kubisha hodi.

Révérien alikuwa ameketi mbele ya meza kubwa, ameinama anatafuta kalamu mfukoni. Bushra alikuwa anatoa nakala kwenye mashine. Mkuu wake, mwanamume wa makamo, aliinua macho.

"Mama ana haraka," akasema, bila ukali.

Révérien aligeuka. Kitu alichokiona usoni mwa mama yake kilimfanya anyanyuke na kumpa kiti chake, na yeye akasimama nyuma yake, mkono begani kwake, mpaka mazungumzo yalipokwisha. Tangu jana hakuwa amemgusa.

"Mimi sina uwezo wa kupunguza siku za tangazo," yule mkuu alisema. "Msajili Mkuu anao, kama kuna sababu ya msingi. Tutamwandikia leo. Lakini anahitaji maelezo ya mama mwenyewe, kwa maandishi na saini. Na siwaahidi kitu."

"Na kosa langu?" Jeannine aliuliza.

"Kosa lako nimelisikia. Nimekuonya mbele ya mashahidi. Usirudie."

Bushra akamwekea karatasi mbele. Jeannine alijua kuandika. Baba yake alimfundisha kabla hajaanza shule. Akaandika jina lake, siku, jinsi alivyochomoa pini. Mwisho akaandika, "Niliogopa." Bushra akasoma, akairudisha taratibu. "Ongeza sababu, mama. Msajili hakujui."

Basi akaandika kwamba baba yake, Zacharie Nyabenda, mwalimu, aliitwa kuweka saini na hakurudi. Iliposalia saini yake mwenyewe, mkono uligoma. Révérien hakumhimiza. Alingoja tu, na baadaye kidogo mkono ukakubali.

Majibu hayakuja siku ile wala iliyofuata. Ijumaa Mariana alishinda amekaa karibu na chaji ya simu. Jumamosi ya harusi ikafika bila harusi. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa, ndugu wa Mwese na wa Sumbawanga walikuwa wameshafika na sare zao, na Mzee Lyamba akasimama mbele ya turubai akatangaza kwamba ndoa imesogezwa mbele kwa sababu za kiserikali, na chakula hakiwezi kusogezwa. Watu wakala. Wengine walinong'ona huku wanakula. Yule shangazi alikuja kuketi karibu na Jeannine na sahani yake, akamhamishia kipande chake cha ini. Jeannine alikitafuna bila kusikia ladha. Jumatano ilikuwa ya Majivu, na Révérien alikuwa na tiketi ya siku hiyo hiyo.

Jumatatu kabla ya saa sita Bushra alipiga simu. Kibali kimetoka.

Walifunga ndoa ya serikali wakiwa watu sita ndani ya chumba kile, Révérien akiwa na shati ambalo hakupata muda wa kulipiga pasi. Ulipofika wakati wa mashahidi, alimgeukia mama yake. "Upande wangu ni yeye." Jeannine akaweka saini chini ya ile ya mwanawe. Cheti kikapigwa picha pale pale barazani na kutumwa Ubelgiji. Kilichobaki kilikuwa kungoja barua, na kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko kote, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwendea. Parokia ya kule katibu wake alikuwa anafunga ofisi mapema. Walikaa kwenye ukumbi wa Padri Selestine, chai ikapoa, Mariana akaiwasha simu yake na kuizima, na jua lilikuwa limeshazama padri alipotoka ofisini kwake ameshika karatasi yenye joto la mashine.

"Imefika. Misa ya asubuhi, saa kumi na mbili. Njooni mapema."

Alfajiri ile kanisani kulikuwa na watawa wachache, wazee wa misa ya kila siku, na familia mbili zilizokosa usingizi. Kabla ya kuvaa mavazi ya misa, Padri Selestine alimwita Jeannine pembeni.

"Misa ya leo haikuwa na nia. Mariana ameniomba niitoe kwa ajili ya Zacharie Nyabenda. Nimtaje kama marehemu?"

Jeannine hakuwa amelifikiria hilo. Miaka yote hakumwombea baba yake misa ya wafu, wala mama yake hakumwombea, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuja kuwaambia kwamba amekufa. Kumwombea kungekuwa kama wao ndio wanaotoa taarifa ya kifo chake.

Padri alingoja. Kengele ndogo ilikuwa tayari mkononi mwa mtumishi.

"Mtaje," akasema.

Jina lilisomwa kwa kipaza sauti, likaenda mpaka nyuma ya kanisa na kurudi. Jeannine aliushika ubao wa benchi la mbele. Hakuna aliyegeuka kutazama. Kisha Révérien na Mariana wakaitwa mbele, wakaulizwa, wakajibu, na sauti ya Révérien ilikwaruza kwenye "nakubali" kama ya mtu mwenye mafua.

Kesho yake aliwasindikiza stendi, majivu yakiwa bado kwenye vipaji vya nyuso zao. Révérien alikuwa hajawa yule wa zamani kwake. Alikuwa mpole, lakini kila alipomtazama alionekana kama anatafuta kitu kingine alichofichwa. Mizigo ilipokwisha kupakiwa alirudi hadi aliposimama mama yake.

"Alikuwa anafundisha somo gani?"

"Hesabu," Jeannine akasema. "Na kuimba."

"Alijua kuimba?"

"Hapana. Alikuwa anaimba vibaya sana. Watoto walikuwa wanaziba masikio."

Révérien akacheka kidogo, akavuta kamasi, akapanda basi. Mariana alipunga mkono dirishani. Jeannine alibaki stendi hadi basi lilipokata kona, kisha akanunua vocha ya simu, akaikwangua palepale, akaingiza namba, na kuanza kungoja wamwambie kwamba wamefika.